Mkanda wa Jeshi na Watoto Wawili Nyumbani

Maumivu yalitangulia. Ngozi ilikuwa safi kabisa, lakini upande wa kushoto, kuanzia kando ya uti wa mgongo chini ya bega hadi chini ya titi, ulikuwa unawaka. Ulikuwa mwako usiokatika, na juu yake vikaja vichomo vya ghafla vilivyonifanya nisimame nilipo na kushika ukuta. Nguo ikigusa pale, nasisimka mwili mzima. Na hapohapo ndipo mtoto wangu mdogo, aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka 2, alipozoea kujiegemeza nikimbeba: upande wa kushoto, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kifua chake kwenye mbavu zangu. Mkubwa alikuwa na miaka 6.

Naandika kwa sababu nilipougua nilipata maelezo mengi kuhusu ugonjwa, na karibu hakuna lolote kuhusu mtu anayeugua huku watoto wanamtazama, wanamlilia na kumpanda mwilini.

Mhudumu wa kwanza kuniona alipima presha, akasikiliza moyo na mapafu, akabonyeza mbavu moja baada ya nyingine, akahisi ni msuli uliokaza kwa kubeba mtoto. Sina neno naye. Bila vipele ugonjwa huu humchanganya hata daktari mzoefu: maumivu yakikaa kifuani hudhaniwa ni moyo, yakikaa kiunoni hudhaniwa ni mawe ya figo, yakikaa tumboni hudhaniwa ni kidole tumbo. Alichonisaidia ni maneno aliyoniambia nikiwa natoka: ukiona kitu chochote kwenye ngozi, rudi siku hiyohiyo, usingoje kesho. Aliyekiona ni mkubwa wangu, nilipokuwa nabadilisha nguo. “Mama, una vipele mgongoni.” Nikarudi siku hiyohiyo.

Daktari hakuhitaji kipimo cha maabara kuutambua. Vilikuwa vipele vyekundu vilivyojikusanya mafungu mafungu, vikianza kujaa maji, upande mmoja tu wa mwili, vikifuata mstari kutoka mgongoni kuja mbele na kukomea katikati ya kifua. Mkanda wa jeshi, akasema. Kisha akanieleza kwa utulivu ambao mpaka leo namshukuru. Virusi vya tetekuwanga niliyougua utotoni havikuwahi kutoka mwilini. Mtu akipona tetekuwanga, virusi hubaki vimelala kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kandokando ya uti wa mgongo, na vinaweza kulala hivyo maisha yote. Kinga ya mwili ikilegea, iwe kwa umri, kwa maradhi mengine, kwa dawa fulani, au wakati mwingine bila sababu yoyote inayoonekana, huamka katika mshipa mmoja na kuufuata hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana nilianza kuumia kabla ya kuonekana kitu: mshipa ulikuwa umeshavimba.

Baadaye nilisoma kwamba maelezo haya ya virusi kulala na kuamka yaliandikwa mwaka 1965 na Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, aliyefuatilia wagonjwa wake kwa miaka mingi. Ilinipa faraja kujua kwamba mtu fulani aliwatazama watu wenye maumivu kama yangu kwa subira kiasi hicho.

Dawa ya kupambana na virusi hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Mimi niliandikiwa asaikloviri, miligramu 800, mara 5 kwa siku, kwa siku 7, pamoja na kunywa maji ya kutosha ili figo zisielemewe. Mara 5 kwa siku ni nyingi kwa mtu asiye na watoto. Kwa mwenye watoto, saa inapotea kabisa. Nilichofanya ni kuifunga kila dozi kwenye jambo ambalo watoto wenyewe hawaliachi lipite: wakiamka, mdogo akilala mchana, na kadhalika hadi usiku. Njaa ya mtoto haisahau, na kwa hiyo dawa yangu nayo haikusahauliwa.

Kabla sijaondoka daktari akauliza swali ambalo sasa naliona ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote: nyumbani kuna nani?

Mkanda wa jeshi hauambukizi mkanda wa jeshi. Lakini maji ya malengelenge yake yana virusi hai, na asiyewahi kuugua tetekuwanga wala kuchanjwa anaweza kuvipata na kuugua tetekuwanga. Jambo hili limejulikana zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 János Bókay, daktari wa watoto wa Budapest, aligundua kwamba katika nyumba yenye mtu mzima mwenye mkanda, watoto huweza kutokewa na tetekuwanga. Hatari hudumu mpaka lengelenge la mwisho likauke na kufanya ukoko. Wanaopaswa kulindwa zaidi ni mjamzito asiye na kinga ya tetekuwanga, mtoto njiti, na yeyote ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu. Mkubwa wangu alikuwa ameshaugua. Mdogo bado, wala hakuwa amechanjwa. Na jirani yangu, rafiki wa kuingia kwetu bila hodi, alikuwa mjamzito. Nilimpigia simu nikiwa bado njiani. Alisikitika, akauliza atanisaidiaje akiwa mbali, na kwa kweli alisaidia kwa kumwita mkubwa kwenda kucheza na wanawe.

Kwa hiyo kanuni za nyumbani zilikuwa hizi, na sikuzilegeza: vipele vifunikwe muda wote kwa shashi safi isiyonata na nguo pana juu yake, mikono ioshwe kabla na baada ya kubadilisha shashi, taulo yangu isiguswe na mtu, nguo na mashuka yangu yafuliwe peke yake. Mdogo alikuwa bado ananyonya. Daktari alikagua kwa makini kama kuna kipele kilichopanda kwenye titi lenyewe. Hakikuwepo, akaniruhusu niendelee. Kingekuwepo, mtoto asingewekwa kwenye titi hilo mpaka lipone.

Hayo yote ni rahisi kuandika. Kazi ilikuwa mwili wangu.

Mtoto wa umri wa mdogo wangu haelewi maneno “mama anaumwa”. Anaelewa kukataliwa na kupokelewa, basi. Siku ya kwanza alikuja mbio na mikono juu kama alivyozoea, na nikajua kwamba nikisema “usiniguse” nitalisema neno hilo mchana kutwa, na yeye atalisikia mchana kutwa. Nikaamua kumwonyesha pa kugusa. Mkono wa kulia ukawa wake. Paja la kulia likawa lake. Tulisogeza kiti mpaka ukutani, nikakaa upande wa kushoto ukielekea ukuta na mto katikati, ili hata akija kwa kasi asipate njia ya kufika kwenye mbavu. Sikumwinua tena kutoka chini. Baba yake, au mtu mwingine mzima aliyekuwepo, ndiye aliyemleta mpaka nilipo. Kunyonya kukawa kwa kulala ubavu wa kulia peke yake. Alilia, ndiyo. Alivuta nguo. Lakini mahali pa kupokelewa palikuwepo kila alipopatafuta, na baada ya muda mfupi akawa anakuja moja kwa moja upande ule bila kuelekezwa. Watoto wadogo hujifunza ramani ya mwili wa mama upesi kuliko tunavyodhani.

Kwa mkubwa tulitumia vidole. Maumivu yalikuwa yanabadilika saa kwa saa, na kwake ilikuwa vigumu kuelewa kwa nini asubuhi nilicheka naye na mchana nilifunga macho. Basi nikawa namwonyesha vidole: kimoja, njoo ukae kwenye paja, vitatu, kaa karibu yangu tusome, vitano, nahitaji kimya, baba atakusikiliza. Nadhani kilichomsaidia ni kwamba alipewa jibu bila kulazimika kuusoma uso wangu. Mtoto anayekaa akisoma uso wa mzazi kutwa nzima huchoka, na uchovu wake hutoka kwa njia ya ukorofi ambao hakuna anayeuelewa.

Nina msimamo mmoja hapa ambao najua si kila mtu ataukubali: mtoto wa miaka 6 asifanywe muuguzi. Watu walimwambia, kwa upendo, “sasa wewe ndiye wa kumwangalia mama.” Nilimwambia waziwazi kwamba kunihudumia ni kazi ya watu wazima. Aliomba kuniletea maji ya kumezea dawa, nikamkubalia, kwa sababu alilitaka mwenyewe na lina mwisho wake. Kumlinda mdogo asinifikie, kuangalia kama nimelala, kunyamazisha nyumba, hayo hakupewa.

Kisha akaja mgeni kunijulia hali. Alikaa, akaniombea, na akiwa anaaga akasema mbele ya watoto kwamba ni vizuri vipele vimeishia pale, kwa sababu mkanda ukizunguka mwili ukakutana, mtu hafiki mbali. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Imani hiyo ni ya kale mno. Pliny, mwandishi wa Roma ya kale, aliiandika katika karne ya kwanza, na bado inatembea midomoni mwa watu. Mkubwa wangu hakusema kitu. Lakini kuanzia siku ile, kila nilipobadilisha shashi alikuwa mlangoni, na macho yake yalikwenda sehemu moja tu, pale mstari ulipokomea. Nikamwuliza anatafuta nini. Akanong'ona: “Naangalia kama vimekutana.”

Nimeyakumbuka maneno hayo kuliko maumivu yenyewe. Alikuwa ameubeba mzigo ule peke yake, akilala nao, akiamka kuupima.

Nilimketisha. Nikamwomba avue shati, nikapitisha kidole katikati ya mgongo wake, kwenye mfupa, na kumweleza kwamba mishipa ya fahamu hutoka hapa kwa jozi, mmoja unakwenda kushoto na mmoja kulia, kila mmoja ukihudumia upande wake. Virusi vimeamka kwenye mshipa wangu wa kushoto. Mshipa huo hauzunguki kwenda kulia, kwa hiyo vipele havitembei kutafuta mwenzake. Nikamwonyesha mgongo wangu, nikamwacha aangalie kwa muda alioutaka, bila kugusa. Akauliza kama nitakufa. Nikamjibu hapana, ugonjwa huu unauma sana lakini hauniui, dawa nameza, na daktari ananiona. Nilimwambia pia kitu ambacho nafikiri ni cha lazima: akisikia lolote kunihusu kutoka kwa mtu yeyote, aje aniulize mimi au baba yake, na tutamjibu kweli hata kama kweli yenyewe si nzuri.

Kwa mtu mzima niongeze neno ambalo mtoto hakulihitaji. Wapo ambao vipele huwatokea pande zote au kusambaa mwili mzima, hasa wenye kinga dhaifu, na hao wanahitaji hospitali haraka. Hatari yao inatokana na virusi kusambaa, haitokani na mkanda kukutana. Vilevile vipele vya mkanda vikitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, jicho linaweza kudhurika, na haifai kungoja hata siku moja. Vikitokea sikioni na uso ukaanza kulegea upande mmoja, ni hivyohivyo.

Sasa nizungumzie maumivu, kwa kuwa hapo ndipo penye jambo ninalotaka mzazi mwenzangu alisikie.

Kuna sifa tunayowapa wazazi, hasa akina mama: anavumilia. Katika jambo hili naipinga kwa moyo wangu wote. Maumivu ya mshipa wa fahamu hayana faida yoyote ukiyavumilia. Yanakula usingizi, yanakula subira, na kinachobaki ndicho wanachopewa watoto. Parasetamoli peke yake haikunitosha, na nikarudi kwa daktari kusema hivyo. Nilikwenda na maneno niliyoyaandika nyumbani: yanaanza saa ngapi, yanaamshwa na nini, na kwa sababu yake nashindwa kufanya nini. Sikusema “nina maumivu makali” tu. Nilisema siwezi kumvalisha mtoto nguo, siwezi kulala zaidi ya muda mfupi bila kuamka, na nikiguswa na shuka natokwa machozi. Maneno kama hayo daktari anaweza kuyafanyia kazi. Akaniongezea amitriptilini kwa kiwango kidogo, ya usiku. Ni dawa ya siku nyingi, iliyotengenezwa kwa ajili ya sonona, na kwa kiwango cha chini hutuliza mishipa ya fahamu iliyochokozwa. Wengine hupewa gabapentini au pregabalini. Kabla hajaandika nilimkumbusha kwamba nanyonyesha. Mkumbushe daktari kila mara, na mfamasia pia, hata kama uliwaambia jana.

Dawa ile ilinipa usingizi, na usingizi wenyewe ulikuwa mzito. Hili tulilijadili na mume wangu kabla ya dozi ya kwanza: mzazi aliyemeza dawa ya kulewesha usingizi hapaswi kulala kitanda kimoja na mtoto mdogo, wala kuwa mtu pekee wa kuamka akilia. Kitanda cha mdogo kikahamia upande wa baba yake. Usiku wa kwanza mdogo aliamka akitaka kunyonya, na baba yake akatembea naye huku na huko, akimbembeleza, mpaka akalala. Niliamka asubuhi titi limejaa na roho imetulia kwa mara ya kwanza tangu maumivu yaanze. Kuna watu waliona ni ukatili kumkatalia mtoto usiku. Mimi niliona mtoto amepata mama anayeweza kumtazama machoni mchana.

Na nilimeza kwa saa, sikungoja yapande. Maumivu yakishapanda, kuyashusha ni kazi kubwa kuliko kuyazuia.

Hata hivyo zilikuwepo saa ambazo dawa haikufika. Ndani ya saa hizo sauti ya kawaida ya kijiko kuanguka iliniingia mwilini kama kofi. Hasira inayotokana na maumivu huja kwa kasi, na kwa mtoto haina jina tofauti na hasira ya kumkosea mama. Tulikubaliana na mume wangu neno moja la kuambiana, ambalo maana yake ni: wachukue sasa hivi, tutazungumza baadaye. Haikuhitaji maelezo wala kuombana radhi. Akiwa kazini, neno hilo nililipeleka kwa dada yangu. Nilijifunza kwamba msaada huja kwa anayeuomba kwa umbo lake. Ukisema “nisaidieni”, watu wanakuja kukaa nawe sebuleni, na inabidi uwakaribishe. Ukisema “njoo umwogeshe mdogo jioni hii na umlaze, mimi nitakuwa chumbani”, mtu anakuja, anamwogesha, anamlaza. Dada yangu alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma, anafanya, anaondoka, wakati mwingine bila hata kuniona. Sijui kama anajua alinifanyia nini.

Daktari aliomba pia nipime virusi vya Ukimwi. Nalitaja kwa sababu wengi wanaposikia mkanda wa jeshi wanaanza kunong'ona, na mnong'ono huo unawafanya wagonjwa wafiche vipele mpaka saa 72 zipite. Ukweli ni kwamba mtu yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kupata mkanda wa jeshi. Umri mkubwa ndio huongeza uwezekano kuliko kitu kingine, na kwa mtu mwenye umri mdogo zaidi daktari hupenda kujua kama kuna kinachoilegeza kinga ya mwili, Ukimwi ukiwemo. Ni swali la kitabibu, halina hukumu ndani yake. Nilipima, majibu yakaonyesha sina. Kama ningekuwa nao, kipimo hicho kingenifungulia mlango wa dawa ambazo zingeniwezesha kuwalea wanangu mpaka wawe watu wazima, na ningekishukuru vilevile. Mtu asikwepe kipimo kwa sababu ya midomo ya watu.

Malengelenge yalikauka, yakafanya ukoko, ukoko ukaanza kubanduka. Kwa kawaida hukauka ndani ya siku 7 hadi 10 na ngozi husafika kati ya wiki 2 na 4, na yangu yalifuata njia hiyo. Lakini nilijua hesabu nyingine bado inaendelea. Tetekuwanga huchukua siku 10 hadi 21 kujitokeza tangu mtu aambukizwe. Nilikuwa nikimkagua mdogo kila nikimwogesha, kifuani, kwenye nywele, nyuma ya masikio. Nilipoanza kuamini kwamba ameponyoka, akaamka na homa, na jioni vikaja: vidoa vyekundu tumboni, kisha malengelenge madogo, mapya yakitokea huku ya kwanza yakikauka.

Nilikuwa nimefunika, nimeosha, nimetenga. Kufunika hupunguza hatari, hakuiondoi. Ilinibidi nijiambie hivyo kwa sauti, kwa sababu moyo wa mzazi unatafuta wa kumlaumu na aliye karibu zaidi ni yeye mwenyewe. Mume wangu hakunibishia wala kunifariji kwa maneno mengi. Alikata kucha za mtoto.

Na hiyo ndiyo kazi yenyewe: kucha fupi asijikwaruze na kuingiza vijidudu, nguo laini zisizobana, maji ya kunywa kila mara, parasetamoli kwa uzito wake homa ikipanda. Aspirini haipewi mtoto mwenye tetekuwanga hata kidogo, kwa sababu inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hushambulia ini na ubongo. Ibuprofeni nayo tuliambiwa tuiache, kwa kuwa imehusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi kwa watoto wenye tetekuwanga. Tuliambiwa pia turudi haraka akipumua kwa shida, akisinzia isivyo kawaida, homa ikirudi baada ya kushuka, au kipele kikigeuka chekundu, cha moto na kuvimba. Hayo hayakutokea. Alikuwa mnyonge siku chache, akawa anataka kubebwa tu, na kwa bahati nzuri mbavu zangu zilikuwa zimeanza kuruhusu kubeba, japo upande wa kulia.

Usiku mmoja akiwa amelala juu yangu nilisoma habari za Michiaki Takahashi, daktari wa Japani. Mwaka 1964, akiwa anafanya utafiti Houston, Marekani, mwanawe wa miaka 3 aliugua tetekuwanga kali, na yeye na mkewe wakakesha naye. Alirudi Japani akatengeneza chanjo ya tetekuwanga, ile ya kwanza, iliyotangazwa mwaka 1974 na ambayo aina yake inatumika mpaka sasa sehemu nyingi duniani. Niliisoma mara mbili. Chanjo ambayo ingemkinga mwanangu ilianzia kwa baba aliyekaa kitandani kwa mwanawe kama nilivyokuwa nimekaa mimi. Ikiwa chanjo hiyo inapatikana ulipo na mtoto wako amefikia umri wake, muulize mhudumu wa afya. Nasema kwa mtu ambaye bado ana nafasi.

Yangu hayakuisha kwa pamoja. Ngozi ilipona, ikaacha madoa, lakini ule mwako uliendelea chini yake. Maumivu yakipita siku 90 tangu vipele vitokee, madaktari huyaita kwa jina lake na kuyatibu kama ugonjwa unaojitegemea. Huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa, ingawa vijana nao hawakosi. Yangu yalififia kabla ya kufika huko, polepole, na amitriptilini niliiacha kwa kupunguza kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Bado zipo siku za uchovu ambazo pale chini ya bega panawasha na kuchoma kwa muda, kisha panatulia. Nikionyesha vidole viwili mkubwa anaelewa.

Mdogo alipopona, mkubwa alinijia na swali ambalo nilijua amelitafakari. Kama virusi vya tetekuwanga havitoki mwilini, basi sasa vimelala ndani yake yeye, na ndani ya mdogo pia? Nilimwambia ndiyo. Akauliza kama nao watapata mkanda. Nikamjibu kwamba inawezekana, huenda wakiwa wazee, lakini watu wengi vinalala ndani yao mpaka mwisho bila kuamka. Nikamweleza kwamba ipo chanjo ya mkanda wa jeshi, ya dozi 2, ambayo hupendekezwa hasa kwa watu waliofikisha miaka 50, na kwamba kufikia umri wao huo huenda kukawa na nzuri zaidi. Akauliza miaka 50 ni mingapi kutoka 6. Tulihesabu pamoja: 44. Akasema basi ataniuliza tena baadaye, akaenda kucheza.